Nani Alifunga Sanduku Hili

Dubai
Agosti 2, 1996

Mama yangu,

Nashika miguu yako, na ya Shangazi Tarubala pia.

Viza yako imetoka. Mkweo Prabal aliichukua jana baada ya kazi, akaja ameishika mkononi kama mume aliyeleta samaki mkubwa. Nakala yake nimeitia humu ndani. Yenyewe itakusubiri uwanja wa ndege wa huku. Tiketi, nayo imo humu, ni ya Septemba 14, saa kumi na mbili jioni kutoka Kalkuta, kisha unabadili ndege Bombei. Mtoto anatarajiwa katikati ya Oktoba, kwa hiyo utanikuta bado na tumbo langu. Mimi mzima kabisa. Nimenenepa, nakula, nalala sana. Siku hizi Prabal ndiye anayepika. Usicheke.

Sasa Mama, nisikilize kama wewe ulivyotaka nikusikilize asubuhi za mitihani. Jina lako kwenye pasipoti lifanane na la kwenye tiketi herufi kwa herufi. Ukiona tofauti hata ya herufi moja, niandikie siku hiyohiyo. Vidonge vyako vya presha usivimimine kwenye lile kopo la zafarani. Viache kwenye pakiti zake za dukani, na umwombe Daktari Bhaduri akuandikie cheti kwa Kiingereza chenye jina la dawa na jina lako. Toa fotokopi mbili za pasipoti: moja abaki nayo Shangazi, nyingine iweke mbali na pasipoti yenyewe. Prabal amekuandikia kadi ya anwani yetu na simu, kwa Kiingereza na Kiarabu. Ibane kwa pini ndani ya blauzi, na usiitoe hata ukiambiwa unachekesha.

Na hili ndilo kubwa. Sanduku lako ulifunge mwenyewe. Usichukue mzigo wa mtu yeyote, hata ukiwa mdogo kama kiberiti, hata akikuapia kwa mungu wa kila hekalu. Huku watakuuliza: nani alifunga sanduku hili? Unatakiwa ujibu bila kumeza mate.

Najua utasema nimekuwa polisi. Tangu niondoke nyumbani ni mara ya kwanza nakungoja wewe, si wewe kuningoja mimi. Nivumilie.

Mwanao,
Mallika

*

Kashipukur, Birbhum
Agosti 19, 1996

Mallika mwanangu,

Pokea baraka zangu, wewe na mkwe wangu mpishi. Amekwisha jifunza kwamba dengu huoshwa kabla ya kupikwa?

Pasipoti ninayo, ile niliyokutumia nakala yake. Kabla ya kuipata alikuja askari kutoka kituoni kuuliza habari zangu. Alikaa barazani, akala maandazi manne ya maziwa, akaniuliza kama nimewahi kuwa na kesi. Nikamwambia ninayo moja, mimi na wifi yangu, na hakimu bado hajapatikana. Akaandika "hana". Herufi za jina nimezilinganisha na tiketi kwa miwani ya marehemu baba yako. Ziko sawa. Daktari Bhaduri ameandika cheti kwa Kiingereza kizuri hata najiona mgonjwa wa maana. Nimechanjwa pia, mkono ukavimba siku mbili.

Chapala wa jirani alileta furushi la kumpelekea mwanawe aliye huko. Limeshonwa kila upande. Nikamwambia, "Dada, nitalifungua." Akasema, "Unanidhania mwizi?" Nikasema, "Ningekudhania mwizi nisingelifungua mbele yako." Ilikuwa achari ya kunazi na fulana mbili. Hata hivyo nikamrudishia. Sasa akipita huangalia miti.

Kwa hiyo sasa ni watu wawili wasionisemesha. Shangazi yako amefunga mdomo tangu siku pasipoti ilipofika. Akitaka kuniambia chumvi imekwisha humwambia paka. "Mwambie mwenye nyumba chumvi imekwisha." Nami humjibu paka. Paka amechoka. Lakini anakushonea mfarishi wa mtoto kwa sari zake kuukuu, kila mchana, mlango umefungwa. Nikibisha anaufunika.

Nina swali moja. Posto. Barua yako ya Juni ulisema umeota unakula viazi vya posto, ukaamka unalia. Nimeweka mtungi mzima wa zile mbegu za mwaka huu, nyeupe safi. Naweza kukuletea kidogo ya kusaga? Niambie upesi. Simu ya dukani kwa Gour haifanyi kazi tangu dhoruba iangushe nguzo, kwa hiyo tegemeo ni Haladhar na baiskeli yake ya posta.

Mama yako

*

Kashipukur
Agosti 27

Mallika,

Mimi shangazi yako. Mzima. Ng'ombe kazaa ndama jike.

Usimwambie mama yako nimekuandikia. Anasema usipojibu kuhusu posto ataiacha. Mwoga. Amekuwa mtu wa kusoma orodha yako asubuhi na jioni kama sala. Mwenye mimba akitamani chakula cha kwao apewe. Mimi sikujaliwa kuzaa lakini hilo nalijua.

Basi nimeitia kwenye mfarishi. Kati ya tabaka la tatu na la nne, vyumba vidogovidogo kama sega la nyuki, mshono juu ya mshono. Kilo moja kasoro. Hata ukiukunja husikii kitu. Ukiupata fumua upande wenye uzi mwekundu, halafu saga kwa pilipili mbichi na usimpe mtu mwingine.

Mama yako nitamkabidhi siku ya kuondoka, asipate nafasi ya kupekua.

Wasiosema nao wanapenda. Basi.

Tarubala

*

Dubai
Septemba 1, 1996

Mama,

Barua yako ya tarehe 19 nimeipata leo na najibu leo. Posto, hapana. Hata punje.

Nisikilize vizuri. Ile ni mbegu ya ua lilelile linalotoa afyuni. Kwetu ni mchuzi wa Jumapili, lakini sheria ya huku haiulizi unaila na nini. Rafiki wa Prabal ana jamaa, mtu wa wilaya ya Nadia, mwenye duka la vitambaa, mtu wa heshima zake. Alikutwa na kiasi cha kujaa kiganja, mkewe alimfungia kwenye karatasi ndani ya soksi bila kumwambia. Amekaa ndani miezi minne akisubiri mahakama, na mkewe huko nyumbani hali chakula.

Kwa hiyo nakuomba, sanduku lile la kahawia ambalo baba alikuwa akiwekea vitu vya dukani, lioshe, lianike, lipige mgongo lidondoshe kila kitu. Kila nguo ikung'ute. Hata chembe zilizonasa kwenye pindo ni hatari.

Nimejaribu simu ya kwa Gour mara tisa. Inaita kama kijiko kinachogonga bati, hakuna anayepokea. Naipeleka barua hii kwa njia ya haraka, lakini haraka ya posta naijua. Nina imani kwamba usipopata jibu utaiacha. Ndivyo ulivyo.

Mwanao,
Mallika

Mama, mimi Prabal. Mallika hataki niandike zaidi ya salamu. Nakuomba tu, kwa vyovyote vile usiahirishe safari. Tunakuhitaji.

*

Shyambazar, Kalkuta
Septemba 13, 1996

Wifi yangu Tarubala,

Nakuandikia kutoka nyumbani kwa binamu Sudeb. Nimekaa dirishani, chini yangu tramu zinapita, na nywele zimeoshwa. Nimeshiba, maana mke wa Sudeb anaamini ndege hazina chakula na nyumba zetu pia hazina.

Jana asubuhi uliponipa mfarishi mlangoni hukusema neno, na mimi nikashindwa kusema. Riksho ilipokata kona nikageuka, ukawa umekwisha kuingia ndani. Nimeumia njia nzima hadi stesheni ya Bolpur. Miaka arobaini na mbili tumepikia jiko moja. Nilipoletwa bibi harusi ni wewe uliyenionyesha kisima. Nikiwa na homa ya uzazi wa Mallika ni wewe uliyelala chini, kando ya kitanda changu. Halafu naondoka kwa miezi mitatu tu, na tunaagana kupitia paka.

Kama nimekukosea, ukipata barua hii unisamehe. Kama umenikosea wewe, mimi nimekwisha kukusamehe, kwa hiyo tumemaliza.

Sanduku nimelifunga kwa mkono wangu. Jibu la Mallika kuhusu posto halikufika, nami nisichokijua sikibebi. Mtungi uko pale rafuni nyuma ya chumvi, kula wewe. Vidonge viko kwenye pakiti zake. Kadi iko ndani ya blauzi, inanikwaruza. Mfarishi wako nimeuweka juu ya vyote ili mtu wa forodha akifungua aone kwanza kazi ya mkono wako. Sijauangalia. Nimesema nitauangalia pamoja na Mallika.

Kesho saa nane tunatoka hapa. Sina hofu kama nilivyodhani. Nina hamu tu ya kumwona mwanangu.

Wako,
Suniti

*

Kashipukur
Septemba 16

Mallika,

Mama yako atakuwa amekueleza. Lakini atanipunguzia makosa, namjua. Acha nieleze mwenyewe.

Haladhar alifika Jumamosi saa tatu asubuhi. Barua ilikuwa yako kwa mama yako. Mimi sifungui barua za watu. Lakini juu ya bahasha uliandika HARAKA kwa wino mwekundu, ukapiga mistari mitatu chini yake, na mwenyewe alikuwa Kalkuta. Nikaifungua kwa kisu cha mboga.

Nilipofika kwenye posto nikakaa chini. Nikasoma tena. Nikamwona mama yako, mtu ambaye hata nzi humwomba radhi kabla ya kumfukuza, amesimama mbele ya afisa anaulizwa nani alifunga sanduku hili. Naye anajibu kwa fahari, "Mimi." Maana ndivyo angejibu. Hata wangempiga asingetaja jina langu, kwa sababu alikuwa hajui.

Nikavaa sari safi. Nikaenda kwa Chapala kumwachia ng'ombe. Akasema, "Unakwenda Kalkuta? Na nani?"

"Peke yangu."

"Subiri tukutafutie mtu wa kukusindikiza."

"Nikisubiri mtu, ndege haitanisubiri mimi."

Kumbuka mimi nilirudishwa nyumba hii nikiwa na miaka kumi na tisa, mjane, kwenye gari la ng'ombe. Tangu hapo Kalkuta nimefika mara mbili, zote nikitembea nyuma ya baba yako nikiangalia visigino vyake. Sasa hapakuwa na visigino. Bolpur nilimuuliza mwenye dirisha la tiketi treni ya Howrah, stesheni ya Kalkuta, ni ipi, akanionyesha. Nikapanda behewa la wanawake. Pale palikuwa na mwalimu mmoja, nikamwambia nakwenda wapi, akaniandikia nambari za mabasi kwenye kiganja kwa kalamu. Hakuna aliyenila. Nilidhani kuna kitu kikubwa watu wanakijua ambacho mimi sikijui, kumbe wanauliza tu.

Shyambazar mke wa Sudeb akafungua mlango, akapiga mikono. Walikuwa wameondoka nusu saa kabla. Hata maji sikunywa. Nikasoma kiganja, nikapanda basi la Damdam, kwenye uwanja wa ndege.

Mlangoni kwa ndege kuna askari. Akanyoosha mkono. "Tiketi, mama."

"Sina."

"Basi huingii."

"Sitaki kuingia. Nataka mtu atoke."

"Nani?"

"Wifi yangu. Ana sanduku la kahawia, na ndani yake kuna posto ambayo hajui kama anayo."

Akanitazama. Kwa sauti yake nilijua ni mtu wa Bankura, upande wetu. Akasema, "Mama, posto si kosa. Mimi mwenyewe nimeila mchana huu."

"Hapa si kosa. Anakokwenda ni jela. Soma." Nikampa barua yako. Akaisoma yote. Akamwita mwenzake ashike mlango, akaingia ndani mbio.

Mama yako akatoka na sanduku lake, ameshika moyo. "Nani amekufa?"

"Hakuna. Nimekuja kufungua sanduku lako."

"Tangu pasipoti ifike hunisemeshi, halafu unakuja hadi uwanja wa ndege kunipekua?"

"Ndiyo."

Kisha nikamwambia. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu ningekaa nisingeweza. Rangi ilimtoka. Nikangoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa tangu Bolpur. Alipiga magoti pale kwenye benchi, akafungua sanduku, akautoa mfarishi, akautandaza. Ndiyo mara ya kwanza anauona. Nilitarizi bwawa letu na bata, na nyumba, na wanawake wawili mlangoni.

"Huyu mfupi ni mimi?"

"Mfupi ni wewe."

Akacheka. Machozi yanatoka na anacheka. Akasema, "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa sikusemeshi."

"Na kwa nini ulikuwa hunisemeshi?"

Yule askari alikuwa amesimama pale pale anasikiliza. Nikasema, "Kwa sababu unaondoka na mimi nabaki na ng'ombe. Nyumba ile sijawahi kulala peke yangu. Ningesema, usingekwenda. Nisingesema, ningepasuka. Nikanyamaza."

Akanishika mkono. Hakusema neno la busara, namshukuru kwa hilo. Alisema, "Saidia kukung'uta."

Tukakung'uta kila kitu. Sari nne zilizogusa mfarishi akaziacha. Sanduku tukaligeuza chini juu, tukalipiga, tukalipangusa kwa kitambaa chenye maji ambacho askari alikitoa sijui wapi. Nilitaka kuitoa posto na kumrudishia mfarishi. Akakataa. "Mallika kaandika hata chembe. Siwezi kujua nimezimaliza." Alipatia. Miezi mitatu ya kushona, lakini alipatia. Akarudisha vilivyobaki, akalifunga yeye, mimi sikugusa hata kufuli.

Akaniinamia kichwa kidogo kama siku alipoletwa bibi harusi, akaenda. Kupitia kioo nilimwona anaongea na msichana wa mizani, anamwonyesha cheti cha Daktari Bhaduri ambacho msichana hakukiomba.

Nimelala kwa Sudeb, nimerudi jana na mfarishi na zile sari. Askari alinisindikiza hadi kituo cha basi, maana Sudeb alikuwa amekwisha kurudi.

Kosa ni langu. Nimelisema. Sasa niambie amefika salama.

Tarubala

*

Dubai
Septemba 22, 1996

Wifi,

Nimefika salama, na Prabal alikupigia telegramu siku ileile. Natumaini umeipata kabla ya hii.

Bombei nilikaa saa nne karibu na familia moja ya Surat iliyonishibisha. Huku uwanjani ni kama jumba la harusi, baridi ya mashine, sakafu unajiona uso. Afisa wa forodha alikuwa kijana mpole mwenye ndevu zilizochanwa. Alifungua sanduku langu lote. Alinusa bizari. Alifungua kopo la poda akachungulia kwa tochi. Aligeuza ndara zangu akapiga nyayo zake. Akakunjua sari moja moja, akapitisha kidole kwenye mapindo. Kisha mkalimani akaniuliza, "Nani alifunga sanduku hili?"

Nikasema, "Mimi. Mara mbili."

Mkalimani hakutafsiri ile mara mbili. Wakaniambia karibu, nikapita, na nje mlangoni Prabal akalipokea sanduku. Nilichokiwaza pale, wifi, sitakiandika.

Sasa sikiliza. Mtoto wetu huyu alituambia amenenepa na analala sana. Nimeingia ndani nikamkuta amelazwa, miguu ya kitanda imewekwa juu ya matofali, uso mdogo kama alipokuwa na surua. Daktari amemkataza kusimama tangu Julai. Alivuja damu. Hakutuandikia hata neno. Anasema aliogopa tutakufa kwa wasiwasi tukiwa mbali, tena hatungeweza kufanya lolote. Nikakasirika sana. Nikamwambia, ungeandika ukweli ningekuja hata kwa miguu. Akasema, "Ndiyo maana." Nikaenda kutafuta beseni, nikamwosha nywele. Zilikuwa hazijaoshwa vizuri muda mrefu, Prabal anaogopa kuzivuta. Nikaziosha mara tatu. Alipolala nikaenda jikoni nikalia kidogo, halafu nikapika.

Barua yako ya siri ilifika siku mbili baada yangu. Tuliisoma pamoja. Nilimpikia viazi kwa haradali ya kusaga, akasema si sawa kabisa, akala sahani mbili.

Daktari wa huku, mama wa Kerala, anasema mtoto anakua, mapigo ni mazuri, tusubiri tu. Mimi niko hapa. Namlisha, namgeuza, namsimulia mambo yako ya uwanja wa ndege. Kila siku anataka nianze upya pale kwenye "Nataka mtu atoke".

Wewe kula vizuri. Nyumba inakuogopesha? Niambie ukweli, na usimtume paka.

Suniti

*

Dubai
Oktoba 20, 1996

Shangazi,

Nashika miguu yako.

Ni msichana. Alizaliwa tarehe 13, Jumapili, adhuhuri, kilo mbili na robo tatu, na sauti ya mchuuzi wa samaki. Nilipata uchungu kwa saa kumi na moja, Mama akanishika mgongo muda wote, mpaka wauguzi wakamwachia nafasi. Nimeruhusiwa kusimama. Jana nilitembea hadi dirishani, nikarudi, nikajiona nimevuka mto. Kwa nyumbani tunamwita Tuki. Jina kubwa bado.

Shangazi, umesema kosa ni lako. Ni lako. Na langu pia, kwa kuwa ningesema mapema kwamba siko salama, labda sote tungesemezana. Nimekusamehe, nawe nisamehe. Lakini sikukuandikia kwa ajili hiyo.

Mama anarudi katikati ya Desemba. Tuki atalishwa wali wake wa kwanza Machi, akitimiza miezi mitano. Mjomba wa kumlisha kama desturi hana, maana mimi sina kaka. Prabal anasema anataka alishwe na wewe. Nami nataka. Najua utasema mjane halishi mtoto wali wa heri. Hapa nyumbani kwangu analisha. Mama amekubali kabla sijamaliza kuuliza.

Njooni wote wawili. Nitaanza mambo ya viza Januari ukisema ndiyo. Ukisema hapana nitakasirika kama Shangazi yangu anavyokasirika.

Mallika

*

Kashipukur
Novemba 23

Mallika, na Suniti,

Barua zote nimezipata. Baraka kwa Tuki, na aendelee kupiga kelele. Mtoto mkimya humtia mtu wasiwasi.

Wifi, uliuliza nyumba. Wiki ya kwanza nililala na taa. Ya pili nilisahau kuiwasha. Wakati wa sikukuu ya Puja nilikwenda hekaluni mchana siku zote nne, na Chapala akawa anakaa karibu yangu. Anasema yeye hakukasirika kweli, ila alikuwa amemaliza siku nzima kushona furushi lile. Nikamwambia, hata mimi najua kushona kwa kazi bure. Tukacheka. Sasa huja jioni tunakatakata mboga pamoja.

Jambo la wali nimelifikiri siku tatu. Miaka arobaini na tatu kila kwenye jambo la heri nimekaa chumba cha nyuma. Hakuna aliyenifukuza. Nilikuwa najiondoa kabla sijatazamwa. Siku ya harusi yako, Mallika, nilikuona kwa ufa wa mlango. Ulikuwa umependeza. Sijawahi kukuambia kwamba nilikuwa pale.

Basi Jumanne moja nilipanda basi la Suri, peke yangu, nikaenda ofisi ya serikali kujaza fomu ya pasipoti. Karani ni kijana mwenye mafua. Akasema, "Bibi, jina la mume?" Nikasema, "Alikufa kabla baba yako hajazaliwa. Andika la baba yangu." Akasema, "Kazi?" Nikafikiri. Nikasema, "Andika nyumbani." Akasema, "Umewahi kusafiri?" Nikasema, "Ndiyo." Hakujua kwa nini nilijibu kwa sauti kubwa.

Picha nimepiga. Nimetoka kama mtu aliyeibiwa kuku, lakini mpiga picha amesema ndivyo inavyotakiwa, mtu asicheke.

Askari wa uchunguzi amekuja juzi. Nimempa muri, bisi zetu za mchele, na nazi, si maandazi manne. Alikwenda kwa Chapala kuuliza tabia yangu. Chapala akamwambia, "Mkali. Lakini mkweli." Askari akataka kujua lipi aandike. Chapala akamwambia yote mawili.

Kwa hiyo nasema ndiyo.

Sasa mnijibu haya. Machi kuna baridi kiasi gani huko, nibebe shali moja au mbili? Mtoto anapolishwa wali, anayemlisha anakaa upande gani? Nilikuwa siangalii. Na ulizeni huko kwenye ndege, mtu asiyekula samaki wala kitunguu atapewa nini juu huko, au nifunge muri zangu.

Tarubala